Chupa ya Okteni Mpakani: Je, Injini ya Kawaida Hufaidika?

Msafiri ashukaye Busia kwa mara ya kwanza hupata taabu kutambua ni wapi Uganda inapokoma na ni wapi Kenya inapoanza. Mji ni mmoja na jina ni moja, Wasamia na Wateso wako pande zote mbili, na biashara haijapata kulijali sana jiwe la mpaka. Hapa ndipo, kwa maelezo ya wengi, lilipozaliwa neno bodaboda, siku zile vijana walipokuwa wakibeba watu kwa baiskeli kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi mwezi Februari 2018, mtu hukaguliwa mara moja tu na kwenda zake.

Katika mji wa namna hiyo hakuna bidhaa ikosayo mnunuzi. Miongoni mwa zile zilizojaa siku hizi katika maduka ya vipuri ni chupa ndogo zenye picha ya gari la mashindano likiruka juu ya kilima. Huitwa dawa ya kuongeza okteni. Mwenye duka atakuambia kwamba chupa moja ndani ya tangi huligeuza gari la kawaida kuwa la mbio, hupunguza matumizi ya petroli na huiponya injini inayogonga.

Mwandishi wa makala haya alikuwa Busia kwa shughuli za kikazi alipomwona dereva mmoja wa taksi, mtu wa makamo afanyaye safari za Tororo, akifungua kifuniko cha tangi la Toyota Carina yake na kumimina chupa nzima.

"Mzee, dawa hiyo ni ya nini?" nilimwuliza.

"Afande, hii ni okteni. Gari lilikuwa linagonga kila likipanda mlima, na nguvu zimepungua. Fundi amesema petroli yetu ni hafifu. Hii ndiyo wanayotumia wale wa mashindano."

Bei aliyonitajia ilikuwa karibu mapato yake ya nusu siku, na alikuwa ameinunua dawa hiyo kila wiki kwa muda wa miezi miwili. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niifuatilie habari hii kwa mafundi wa Busia na wa Tororo, na kuyarudia yale tuliyofundishwa zamani darasani. Kwani ikiwa dawa inafaa, yafaa kila dereva aijue. Na ikiwa haifai, mtu huyu anatoa chakula cha watoto wake na kukichoma katika bomba la moshi.

NAMBA ILE MAANA YAKE NINI

Injini ya petroli huvuta mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda, huugandamiza kwa pistoni, kisha huuwasha kwa cheche ya plagi. Mambo yakienda sawasawa, moto huanzia kwenye plagi na kusambaa kwa utaratibu hadi upande wa mwisho wa silinda, na hewa iliyopata joto huisukuma pistoni chini. Lakini mchanganyiko unaogandamizwa hupata joto, kama vile pampu ya baiskeli ipatavyo joto mkononi. Joto na mgandamizo vikizidi, ile sehemu ambayo moto haujaifikia hulipuka yenyewe kwa ghafula. Dereva husikia mlio mkali, mithili ya misumari inayotikiswa ndani ya mkebe. Huko ndiko kugonga tunakokusudia hapa, na kukiachwa kuendelea pistoni huweza kutoboka.

Katika chuo cha maafisa wanafunzi, mwalimu wetu wa usafirishaji, sajini mzee asiyependa maneno mengi, alilieleza jambo hili kwa namna ambayo hakuna kati yetu aliyeisahau. Alisema petroli yenye okteni ndogo ni kama kuruta afyatuaye kabla ya amri, na petroli yenye okteni kubwa ni askari mzoefu angojaye amri. Lakini wote wawili, alisema, wana risasi zile zile katika bunduki zao.

Basi namba ya okteni haipimi nguvu iliyomo ndani ya petroli. Hupima uvumilivu wake tu, yaani uwezo wa kustahimili mgandamizo bila kujiwasha. Kipimo chenyewe kilibuniwa Marekani mwaka 1926 na mkemia Graham Edgar. Alichagua vimiminika viwili: kimoja kiitwacho isookteni, kisichogonga kwa urahisi, akakipa namba 100, na kingine kiitwacho heptani, kigongacho upesi mno, akakipa sifuri. Ajabu ni kwamba heptani safi ilipatikana wakati huo katika utomvu wa aina fulani ya msonobari wa magharibi ya Marekani. Petroli tunayoiita ya okteni 93 ni ile ambayo, katika injini maalumu ya majaribio, hugonga sawa na mchanganyiko wa sehemu 93 za isookteni na sehemu 7 za heptani. Hiyo ndiyo maana yake yote.

Anayedhani kwamba okteni kubwa ni nguvu nyingi na autazame mfano wa pombe ya ethanoli. Okteni yake hupita 100, lakini lita moja ya ethanoli ina nishati pungufu kwa kama theluthi moja ikilinganishwa na lita moja ya petroli. Jirani zetu wa Kenya waliujua ukweli huu barabarani katika miaka ya 1980, wakati ethanoli iliyotengenezwa kwa molasi ya miwa huko Muhoroni ilipochanganywa na petroli na kuuzwa vituoni. Magari yalikwenda vyema, lakini hakuna gari lililopata mbawa kwa sababu ya okteni ile.

WAKATI OKTENI ILIPOLETA USHINDI

Mtu ataniuliza: kama okteni haina nguvu, mbona marubani na madereva wa mashindano wanaigombania? Swali ni la haki, na jibu lake liko katika historia ya vita.

Mwaka 1940, ndege za kivita za Uingereza, Spitfire na Hurricane, zilipokuwa zikipambana na zile za Ujerumani, zilianza kutumia petroli ya okteni 100 mahali pa ile ya 87. Ndege zikapata nguvu na kasi zaidi karibu na ardhi, na adui akashangaa. Lakini tulizingatie vizuri jambo lililotendeka. Kumimina petroli mpya katika matangi hakukutosha peke yake. Mafundi waliirekebisha injini ya Merlin ili mtambo wake wa kusukumia hewa uijaze silinda hewa nyingi zaidi: shinikizo la ziada lilipandishwa kutoka ratili 6 hadi ratili 12 kwa kila inchi ya mraba. Kwa petroli ya zamani injini hiyo ingejivunjavunja yenyewe kwa kugonga. Petroli mpya ikaistahimili hali ile. Nguvu ilitokana na hewa na mgandamizo, na okteni ikawa ruhusa ya kuutumia mgandamizo huo.

Hali ni ile ile kwa gari la mashindano. Injini yake hujengwa kwa mgandamizo mkubwa au hufungwa tabochaja yenye kusukuma hewa kwa nguvu, kisha ndipo hutafutwa petroli ya kuistahimili. Hata Safari Rally yenyewe, ilipoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikuwa ni ya magari ya kawaida ya dukani, yakigawanywa kwa madaraja ya bei. Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965 na tena 1974 na 1976, alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa, na sifa yake kubwa ilikuwa kuliandaa gari na kulifikisha mwisho wa safari. Siku hizi, katika mashindano ya dunia ambayo Safari ilirejea mwaka 2021 huko Naivasha, magari ya daraja la juu hutumia petroli ya aina moja iliyowekwa na sheria za mashindano, kwa hiyo hakuna anayemshinda mwenziwe kwa chupa.

Injini ya Carina ya yule mzee haina mgandamizo wa Merlin wala tabochaja. Ukiipa askari mvumilivu wa okteni 100, atangoja amri kwa utulivu mkubwa, lakini yule wa okteni 91 naye angengoja vile vile, maana hapakuwa na jambo la kumtia haraka. Mwaka 2016 chama kikubwa cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilifanya majaribio ya maabara kwa injini za silinda nne, sita na nane zilizotengenezewa petroli ya kawaida. Zilipopewa petroli ya daraja la juu hazikuonyesha faida ya maana katika nguvu, wala katika matumizi, wala katika usafi wa moshi. Chama hicho kilikadiria kwamba Wamarekani walikuwa wamepoteza dola bilioni 2.1 katika miezi kumi na miwili kwa kununua petroli ghali isiyohitajiwa na magari yao. Basi tusidhani kwamba ujinga huu ni wa Busia peke yake.

MAGARI YETU YATOKA WAPI

Sehemu kubwa ya magari madogo yapitayo Busia na Malaba yametumika kwanza Japani, kisha yakashushwa Mombasa. Jambo hili lina uzito katika habari yetu. Huko Japani petroli ya kawaida hutakiwa na sheria za viwango isipungue okteni 89. Ile ya daraja la juu, ambayo Wajapani huiita haioku, hutakiwa isipungue 96. Gari kama Toyota Probox, Premio au hiyo Carina lilitengenezwa kwa ile ya kawaida. Na petroli halali iingiayo kupitia Mombasa na kuja Uganda, imepita namba 90. Maana yake ni kwamba gari letu la Kijapani, likipewa petroli safi ya kituo chochote cha halali, huwa tayari limeshapata okteni iliyokusudiwa na mtengenezaji wake. Kuliongezea ni kumpa kikombe cha pili cha maji mtu aliyekwisha kata kiu.

Kuna neema nyingine ambayo watu wa Tororo wanayo bila kuijua. Mji wao, pale chini ya lile jabali lionekanalo toka mbali, uko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Shinikizo lake ni pungufu kwa kama asilimia 13. Silinda hujaa hewa kidogo, mgandamizo hupungua, na mwelekeo wa kugonga hupungua pamoja nao. Kwa hakika gari la zamani la kabureta ambalo lingegonga likiwa Likoni huweza kunyamaza likifika Tororo, ingawa nguvu zake nazo zitapungua kidogo. Ndiyo sababu katika majimbo ya milima ya Marekani huuzwa petroli ya namba ndogo kuliko ile ya pwani. Sisi wa nyanda hizi za juu tunahitaji okteni kidogo zaidi kuliko watu wa bahari, na kumbe ndisi tunaouziwa chupa.

Kuhusu malori yale yapangayo foleni Malaba, na magari mengi makubwa ya jeshi pia, yenyewe ni ya dizeli. Dizeli hutakiwa ijiwashe upesi kwa mgandamizo, yaani kinyume kabisa cha petroli, na kwa hiyo dawa ya okteni ndani ya tangi la dizeli ni kosa la wazi. Sitalirefusha jambo hilo.

NDANI YA CHUPA MNA NINI

Twende sasa kwenye chupa. Jambo la kwanza ni hesabu. Nyingi huandikwa kwamba huongeza "pointi" 20 au 30. Mnunuzi hudhani petroli yake ya 93 itakuwa ya 123. Lakini katika biashara hiyo pointi moja ni sehemu ya kumi ya namba moja ya okteni. Pointi 30 ni namba 3 tu, na hizo hupatikana iwapo dawa ni halisi na tangi halizidi ujazo ulioandikwa. Sijapata kumwona mwenye duka akimweleza mteja jambo hili, na huenda mwenyewe halijui.

La pili ni vitu vyenyewe. Baadhi ya dawa hizi huwa na kemikali ya manganizi. Hiyo huongeza okteni kweli kwa kiasi kidogo, lakini huacha masizi ya rangi ya kahawia nyekundu juu ya plagi, na mafundi wengi wameyaona bila kujua yametoka wapi. Nyingine huwa na kemikali ya chuma, ambayo masizi yake huweza kupitisha umeme, hata cheche ikakosa kuruka mahali pake na injini ikaanza kukatakata. Nyingine huwa na tolueni au spiriti. Vitu hivi si vibaya, lakini ili kulipandisha tangi la lita 40 kwa namba tatu kwa tolueni ingehitajiwa kiasi cha lita nne au zaidi, na si chupa itoshayo katika kiganja. Na kichekesho ni hiki: katika baadhi ya chupa, kimiminika kinachoichukua ile kemikali chache ni cha jamii ya mafuta ya taa. Mtu hulipa fedha nyingi apate kidogo kile ambacho wachakachuaji wa petroli humtilia kwa wingi bila kumwambia.

Hali kadhalika, wako waonao kwamba njia fupi ni kupata petroli ya mashindano au ya ndege. Nalazimika kutoa onyo hapa, kwa kuwa karibu na kila uwanja wa ndege hakukosi mjanja. Mafuta ya ndege za jeti si petroli hata kidogo. Ni ndugu wa mafuta ya taa, na injini ya petroli ikipewa hayo hugonga vibaya na kufa. Ile petroli ya ndege ndogo za pistoni, iliyotiwa rangi ya buluu, ina okteni 100, lakini aina yake iliyoenea duniani ina madini ya risasi (si ile ya bunduki). Petroli nyingi za mashindano za mtindo wa zamani zina risasi pia. Risasi hiyo huliua lile kasha la kusafishia moshi lililo katika bomba la ekzosi la magari ya kisasa, na huharibu kifaa kinachopima oksijeni katika moshi. Baada ya hapo kompyuta ya gari hukosa habari sahihi, na petroli huliwa bila hesabu.

Isitoshe, risasi ni sumu. Iligunduliwa kuwa dawa ya kuzuia kugonga mwaka 1921 na Thomas Midgley, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya General Motors, na kwa miongo mingi ilitiwa katika petroli ya dunia nzima, ikapeperushwa barabarani na kuingia katika damu ya watoto. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliazimia huko Dakar, mwezi Juni 2001, kuiondoa, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimetimiza. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Itakuwa ni jambo la kusikitisha tukiirudisha wenyewe kwa jerikeni.

MGONJWA NI PETROLI YENYEWE

Lakini Carina ya mzee ilikuwa ikigonga kweli. Niliisikia mwenyewe siku ya pili, nilipopanda kwenda nayo Tororo. Kama okteni iliyokusudiwa na mtengenezaji inatosha, kugonga kule kulitoka wapi?

Mafundi wanne niliowauliza, wawili Busia na wawili Tororo, walikuwa na jibu moja, na hawakulitoa mbele ya wenye maduka. Walisema: "Uliza petroli imenunuliwa wapi."

Mpaka huu una historia ndefu ya mafuta. Uganda haina bahari, na kwa miaka mingi karibu petroli yake yote imepita Kenya. Mwezi Julai 1976, uhusiano wa Nairobi na Kampala ulipoharibika baada ya tukio la Entebbe, mafuta yalizuiwa na Uganda ikakauka. Mwanzoni mwa 2008 ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilileta uhaba mwingine. Januari 2022, madereva wa malori walipogomea upimaji wa lazima wa Korona, foleni ya Malaba na Busia ikawa ya maili nyingi, na katika baadhi ya sehemu za Uganda lita moja ya petroli iliuzwa shilingi 10,000. Kila bei zinapotofautiana kati ya pande mbili, jerikeni huanza kutembea, kwa baiskeli, kwa pikipiki, na juu ya vichwa.

Petroli ya jerikeni haina mlinzi. Yule aliyeipima amekwisha ondoka. Anayetaka faida ya haraka huichanganya na mafuta ya taa, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa na ushuru mdogo kuliko petroli na dizeli. Serikali ya Kenya ililitambua hilo, na mwezi Septemba 2018 ikayatoza mafuta ya taa tozo maalumu ya shilingi 18 kwa lita ili kuiondolea biashara ya uchakachuaji utamu wake. Uganda, kwa upande wake, hutia katika mafuta halali kemikali ya alama isiyoonekana kwa macho, na wakaguzi hupita vituoni kuitafuta. Alama ikipungua, hujulikana kwamba kuna kitu kimeongezwa. Jerikeni ya njia za panya haiguswi na mpango huo.

Okteni ya mafuta ya taa haifiki hata theluthi ya ile ya petroli. Kiasi kidogo tu kikiingia ndani ya tangi, namba hushuka upesi, na ule uvumilivu wa askari wetu hutoweka. Lakini madhara hayaishii katika kugonga. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi. Mengine hupita bila kuungua, huosha oili katika kuta za silinda, huteremka chini na kuizimua oili yote ya injini. Pistoni na kuta zikisuguana bila oili, gari huanza kutoa moshi na kukosa nguvu. Dereva hununua chupa. Chupa humwongezea namba mbili au tatu, kugonga hunyamaza kidogo, naye hushukuru, huku oili ikizidi kuwa maji. Hiyo ndiyo hatari kubwa ya dawa hii kwa watu wa mpakani. Hunyamazisha kengele na kuuacha moto ukiwaka.

Kuna majaribio mawili ambayo fundi mmoja wa Tororo alinionyesha, yasiyohitaji mashine. Tone la petroli huwekwa juu ya karatasi safi nyeupe na kuachwa likauke. Petroli safi hupotea upesi na karibu haiachi alama. Iliyotiwa mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Tena, petroli kidogo hutiwa katika chupa ya kioo na kuachwa itulie. Kama ina maji au mchanga, vitaonekana vimetuama chini. Yote mawili yafanywe nje, mbali na moto na sigara. Petroli haina mzaha: Julai 2021, pale Malanga katika barabara ya Kisumu kwenda Busia, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, na moto ulipolipuka waliokufa hawakupungua 13.

YULE ANAYEIHITAJI

Nisije nikasemwa kwamba nimekataza kila kitu. Yapo magari yanayohitaji okteni kubwa, nayo yako mengi katika barabara zetu: zile Subaru zenye tabochaja, kwa mfano, ambazo vijana wanazipenda, na baadhi ya magari ya Ulaya ya fahari. Haya yalitengenezewa ile haioku ya Japani au inayofanana nayo. Mengi yana kifaa kinachosikiliza kugonga na kuiamuru kompyuta kuchelewesha cheche, hivyo kwa petroli ya kawaida hayafi upesi, ila hupoteza nguvu na hula zaidi. Mwenye gari la namna hiyo na anunue petroli ya daraja la juu kutoka pampu ya kituo kinachojulikana, ambako huuzwa, maana huko okteni imewekwa kiwandani na kipimo chake kinajulikana. Asipoipata, asilikimbize gari akiwa amepakia mzigo kupanda mlima. Chupa na iwe ya safari moja ya dharura.

Ama habari ya Carina, tuliifikisha kwa fundi wa Tororo. Kwanza alikataa katakata kuigusa mpaka tangi limwagwe. Petroli iliyotoka aliiweka juu ya karatasi, na doa likabaki. Mzee alikiri kwamba kwa miezi miwili alikuwa akinunua kwa kijana mmoja nyuma ya soko, kwa kuwa bei ni nafuu. Kisha fundi akakagua taimingi. Mtu fulani alikuwa ameizungusha distribyuta mbele kupita kiasi ili gari "liamke", na cheche ilikuwa ikitoka mapema mno. Akairudisha katika alama yake. Plagi zilikuwa na ile rangi ya kahawia nyekundu niliyoitaja. Zikabadilishwa pamoja na oili, ambayo ilinuka kama taa ya kandili.

Wakati wa kujaza tangi upya kituoni, kijana wa fundi aliona maandishi ya Kijapani ndani ya kifuniko, ambayo mzee ameyatazama kwa miaka saba bila kujua yanasema nini. Akayapiga picha kwa simu yake, na simu ikamfasiria: petroli isiyo na risasi, ya kawaida.

"Kumbe imeandikwa," mzee alisema.

Tulirudi Busia jioni hiyo tukiwa abiria wanne, na katika mwinuko ule ule gari halikugonga. Mzee alikuwa na chupa mbili za akiba chini ya kiti, ambazo hazijafunguliwa. Alisimama mbele ya duka la vipuri na kumwomba mwenye duka amrudishie fedha zake. Nilipoagana naye walikuwa bado wanabishana, na mwenye duka alikuwa amefikia kumpa nusu.